Uvimbe wa Pituitari Unaomwaga Homoni: Kisu Huingia Lini, na Kwa Njia Gani

Upasuaji mwingi wa uvimbe wa kichwani hupimwa kwa picha. Daktari huweka MRI ya kabla na ya baada, akiona uvimbe haupo, kila mtu anapumua. Kwa uvimbe wa tezi ya pituitari unaotengeneza homoni, picha nzuri haitoshi. Mgonjwa anaweza kutoka chumba cha upasuaji, picha ikaonyesha pametakata kabisa, na bado akawa hajapona kwa kuwa chembe chache zilizobaki pembeni zinaendelea kumwaga homoni. Mwingine picha yake itaonyesha kivuli cha mabaki huku damu yake imetulia. Kinachoamua ni maabara. Ukiishika hoja hiyo, mengi yanayowachanganya wagonjwa na ndugu zao yanaanza kueleweka: kwa nini huyu kapewa vidonge na yule kapasuliwa, kwa nini mtu aliyeambiwa amepona anajisikia vibaya kuliko mwanzo, na kwa nini vipimo haviishi.

Tezi yenyewe ni ndogo kama punje ya njegere. Ina uzito wa takriban nusu gramu, na imekaa katika kishimo cha mfupa katikati ya kichwa, nyuma kabisa ya pua. Juu yake ndipo inapopishana mishipa ya fahamu ya macho. Kulia na kushoto zimepita ateri za karotidi zinazolisha ubongo, pamoja na mishipa ya fahamu inayozungusha macho. Sehemu yake ya mbele hutengeneza prolaktini, homoni ya ukuaji, ACTH inayoziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, TSH inayoiamrisha thairoidi, na homoni mbili zinazoendesha ovari na korodani. Sehemu ya nyuma hutoa vasopresini, inayozizuia figo zisipoteze maji, na oksitosini.

Karibu uvimbe wote unaoota hapa si saratani. Unadhuru kwa namna mbili: kwa ukubwa wake, unapokandamiza macho au tezi nzima yenyewe, na kwa homoni unayoitoa kupita kiasi. Madaktari huuita mdogo ukiwa chini ya milimita 10, na mkubwa kuanzia hapo. Lakini kwa uvimbe wa homoni ukubwa unaweza kudanganya. Uvimbe wa milimita 4 hauwezi kugusa macho, ila ukiwa unatoa ACTH unaweza kumuua mtu polepole kwa presha, kisukari, damu kuganda na maambukizi.

Prolaktini: hapa vidonge kwanza

Kati ya uvimbe wa homoni, ule wa prolaktini ndio wa kawaida zaidi, na dalili zake mara nyingi hakuna anayezihusisha na kichwa. Mwanamke hedhi inakatika, maziwa yanatoka ilhali hana mtoto mchanga, mimba haishiki. Wapo wanaozungushwa kwa miaka kwenye kliniki za ugumba, na kwa waganga pia, kabla mtu hajafikiria kupima prolaktini. Mwanamume hamu ya tendo la ndoa inamwisha, na kwa kuwa ni jambo la kuona haya kulisema, hukaa kimya mpaka uvimbe unakua na kuanza kumnyang'anya uwezo wa kuona pembeni. Ndiyo maana wanaume wengi hugunduliwa wakiwa na uvimbe mkubwa.

Ubongo huidhibiti prolaktini kwa kemikali iitwayo dopamini. Chembe za uvimbe huu, pamoja na uasi wake wote, mara nyingi bado zinaisikia dopamini. Dawa inayoiga dopamini, kama kabagolini au bromokriptini, inaziamuru zinyamaze, na zikinyamaza hunywea. Kabagolini humezwa mara moja au mbili kwa wiki. Bromokriptini ni ya zamani zaidi na ya bei nafuu, ila ni ya kila siku na huleta kichefuchefu zaidi. Hata uvimbe mkubwa uliokandamiza mishipa ya macho unaweza kupungua ndani ya wiki chache na uoni ukarudi bila mtu kuguswa na kisu. Kwa hiyo daktari anayekimbilia kupasua kabla hajaona matokeo ya prolaktini amefanya kosa, na si kosa dogo.

Maabara nayo ina mitego yake. Prolaktini hupanda kwa ujauzito, kwa thairoidi iliyolala, na kwa dawa za kawaida kama metoklopramidi, domperidoni, haloperidoli na risperidoni. Tena uvimbe wowote unaobana kikonyo cha tezi huzuia dopamini isifike, prolaktini ikapanda kidogo, na mtu akapewa kabagolini kwa uvimbe usioijali kabisa. Kinyume chake pia hutokea: uvimbe mkubwa sana unaweza kutoa prolaktini nyingi kiasi cha kukizidi nguvu kipimo chenyewe, jibu likatoka la chini kwa uongo. Dawa yake ni kuiambia maabara iizimue sampuli kisha ipime upya. Kwa kawaida prolaktini inayozidi nanogramu 200 kwa mililita, mtu akiwa na uvimbe mkubwa, huelekeza kwenye uvimbe wa prolaktini wenyewe.

Kisu huingia dawa zikishindwa au mgonjwa akishindwa kuzivumilia. Kuna athari moja ambayo familia zinapaswa kuonywa mapema: baadhi ya wanaotumia dawa hizi hupoteza breki za nafsi. Mtu ambaye hakuwahi kubeti anaanza kubeti mpaka mshahara unakwisha, au ananunua vitu ovyo, na hakuna nyumbani anayejua kuwa ni kidonge. Sababu nyingine za kupasua ni damu kuvuja ghafla ndani ya uvimbe, au maji ya ubongo kuanza kutoka puani baada ya uvimbe uliokuwa umeziba tundu kunywea. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamefungua mlango zaidi: mwongozo wa kimataifa wa 2023 unakubali kwamba uvimbe mdogo wenye mipaka safi, mikononi mwa mpasuaji mzoefu, unaweza kutolewa kama chaguo la mwanzo, hasa kwa kijana asiyetaka kumeza dawa kwa miaka mingi.

Homoni ya ukuaji

Mwaka 1783 alifariki jijini London kijana wa Kiayalandi, Charles Byrne, akiwa na umri wa miaka 22 na urefu wa takriban mita 2.3. Aliishi kwa kujionyesha kwa watu waliolipa kumtazama, na alitaka azikwe baharini ili madaktari wasiupate mwili wake. Wakaupata. Daktari wa upasuaji John Hunter aliitwaa maiti, na mifupa ikaishia makumbushoni. Mwaka 1909 Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alilikagua fuvu lile na kukuta kishimo cha pituitari kimetanuka. Mwaka 2011 watafiti walioichunguza DNA ya meno yake walikuta hitilafu katika jini iitwayo AIP, ileile iliyopatikana kwa familia kadhaa za Ireland ya Kaskazini zilizo hai leo. Mwaka 2023 makumbusho yakatangaza kwamba mifupa yake haitaonyeshwa tena. Ulikuwa uamuzi mzuri, ingawa ulichelewa mno.

Byrne alirefuka kwa sababu uvimbe ulianza kabla mifupa yake haijafunga. Ukianza ukubwani, mtu harefuki, anapanuka. Ndiyo akromegali. Pete inakataa kuvuka kifundo, viatu vinapanda namba, taya linatokeza, meno yanaachana, ulimi unakuwa mzito, usiku ni mikoromo na kukatika pumzi. Ndani ya mwili moyo unanenepa, presha na sukari vinapanda. Mabadiliko haya ni ya polepole sana, na wanaomwona kila siku hawayaoni. Kutoka dalili ya kwanza hadi ugonjwa kujulikana hupita miaka 5 hadi 10. Kipimo cha bure ambacho daktari yeyote wa zahanati anaweza kukifanya ni kumwomba mgonjwa kitambulisho chake cha zamani na kuilinganisha picha na sura iliyo mbele yake.

Kuipima homoni ya ukuaji yenyewe mara moja hakusaidii, kwa sababu hutoka kwa vipindi, ikipanda na kushuka mchana na usiku. Kinachopimwa ni IGF-1, ambayo ini huitengeneza kwa amri ya homoni hiyo na ambayo hukaa tulivu kwenye damu. Shaka ikibaki, mgonjwa hunyweshwa gramu 75 za glukosi. Kwa mtu mzima wa afya homoni ya ukuaji hushuka chini ya mikrogramu 1 kwa lita ndani ya saa mbili. Kwa mwenye uvimbe inagoma kushuka.

Hapa upasuaji ndio wa kwanza. Dawa zipo, oktreotaidi na lanreotaidi, lakini ni sindano za kila mwezi, za bei kubwa, na kwa wengi ni za maisha. Kisu kikifanikiwa, homoni huanguka ndani ya saa chache. Ndani ya siku chache vidole vinapungua kwa sababu maji yaliyojaa kwenye nyama laini yanatoka, na mgonjwa hushangaa pete imeanza kuingia. Mifupa iliyokwisha kupanuka hairudi, na hilo ni afadhali aambiwe kabla ya upasuaji. IGF-1 yenyewe hushuka taratibu, kwa hiyo hukumu ya kweli hutolewa baada ya takriban miezi mitatu. Kwa mpasuaji mzoefu, uvimbe mdogo hupona kwa kiasi cha asilimia 80 hadi 90. Mkubwa, karibu nusu tu. Hata hivyo kupunguza mzigo wa uvimbe usioweza kuisha wote si kazi bure, kwa sababu sindano hufanya kazi vizuri zaidi kwa kilichobaki.

Kabla ya yote, mtaalamu wa usingizi awe amemwona mgonjwa. Ulimi mkubwa, taya lililotokeza na koo lililonenepa hufanya kuingiza mpira wa kupumulia kuwa kazi ngumu, na siku ya upasuaji si siku ya kuligundua hilo.

ACTH: kuusaka uvimbe usioonekana

Ugonjwa wa Cushing ndio mtihani mgumu kuliko yote. ACTH ikizidi, tezi za adrenali hufurika kotisoli, homoni ambayo mwili hukabilia mfadhaiko na maradhi. Uso unakuwa wa duara na mwekundu, tumbo linajaa huku miguu na mikono vikikonda, ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi mipana ya zambarau, mifupa inavunjika kirahisi, usingizi unapotea, akili inavurugika. Mgonjwa huambiwa apunguze kula. Amekwisha kupunguza, na bado ananenepa.

Huku Afrika Mashariki, kabla ya kufikiria pituitari, swali la kwanza ni: unatumia nini? Sura hiyohiyo huletwa na dawa za steroidi, zinazoiga kotisoli, na wanaoipata kwa njia hii ni wengi mno kuliko wenye uvimbe. Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, deksamethasoni inayouzwa kama kidonge cha kunenepesha, prednisoloni iliyoanzwa kwa ajili ya pumu na haikusimamishwa, hata unga wa "miti shamba" wa maumivu ya viungo ambao ndani yake mna steroidi. Mtu wa namna hii akipelekwa MRI anaweza kukutwa na kivuli kidogo kwenye pituitari ambacho hakina hatia yoyote, maana vivuli vya bahati vipo kwa watu wengi wenye afya. Akapasuliwa bure.

Krimu na vidonge vikishaondolewa kwenye hesabu, kotisoli inathibitishwa kwanza kuwa imezidi kweli: mkojo wa saa 24, mate ya usiku wa manane wakati kotisoli inapaswa kuwa imelala, au miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano usiku na damu asubuhi. Kwa mtu mzima wa afya, asubuhi hiyo kotisoli huwa chini ya nanomoli 50 kwa lita. Kisha ACTH hupimwa. Ikiwa chini kabisa, tatizo liko kwenye adrenali, si kichwani. Ikiwa ya kawaida au juu, chanzo ni pituitari, au, kwa wachache, uvimbe mwingine mahali kama mapafuni unaojifanya pituitari.

MRI ingekata mzizi wa fitina kama ingekuwa inaona. Uvimbe wa ACTH mara nyingi ni wa milimita chache, na kwa sehemu kubwa ya wagonjwa picha haionyeshi kitu. Ndipo hufanyika kipimo ambacho kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi za werevu mkubwa katika tiba: mirija miembamba hupitishwa kutoka kwenye mishipa ya kinena mpaka kwenye vena mbili chini ya fuvu zinazopokea damu inayotoka pituitari. Damu huchukuliwa pale, kulia na kushoto, na wakati huohuo mkononi. ACTH ya pale juu ikiwa mara 2 au zaidi ya ile ya mkononi, au mara 3 baada ya kudungwa CRH, homoni inayoichochea pituitari itoe ACTH, chanzo ni pituitari. Hakionyeshi vizuri uvimbe uko upande gani wa tezi, na wapasuaji wanaokiamini kwa hilo hujikuta wamekata upande usio sahihi.

Ndani, mpasuaji huichunguza tezi kipande kwa kipande. Akiupata uvimbe wenye ganda lake, huufuata kwa ganda hilo mpaka utoke mzima. Asipoupata, anaweza kuondoa sehemu ya tezi kwa kufuata ushahidi alionao, akijua mgonjwa anaweza kulipa kwa upungufu wa homoni nyingine maisha yote.

Uvimbe wa TSH ni nadra, takriban asilimia 1 ya uvimbe wote wa pituitari. Hatari yake ni kuchanganywa na ugonjwa wa kawaida wa thairoidi iliyopaa, mtu akachomwa iodini ya mionzi au kukatwa tezi ya shingo wakati mkosaji yuko kichwani. Ishara yake ni TSH isiyoshuka ilhali homoni za thairoidi ziko juu. Nao hutibiwa kwa kisu kwanza, thairoidi ikishatulizwa kwa dawa.

Kufika kishimoni kupitia puani

Mwaka 1907 Hermann Schloffer wa Innsbruck, Austria, aliufikia uvimbe wa pituitari kwa kuipasua pua na kuigeuza pembeni. Oskar Hirsch, daktari wa masikio, pua na koo wa Vienna, alionyesha mwaka 1910 kwamba inawezekana kupita ndani ya tundu la pua bila kuacha kovu usoni. Cushing aliyelikagua fuvu la Byrne alimpasua mwaka huohuo wa 1909 mkulima mwenye akromegali, na kati ya 1910 na 1925 akafanya upasuaji wa njia hii mara 231, akipitia chini ya mdomo wa juu. Waliokufa walikuwa asilimia 5.6, idadi ya ajabu kwa zama zisizo na antibiotiki.

Kisha Cushing akaiacha njia hiyo, akarudi kufungua fuvu kwa juu, na karibu dunia nzima ikamfuata. Upasuaji wa puani ulibaki hai kwa uzi mwembamba wa mwalimu na mwanafunzi. Norman Dott, aliyejifunza kwa Cushing mjini Boston, aliuendeleza Edinburgh kwa miaka mingi. Gérard Guiot wa Ufaransa akaenda kumtazama Dott akifanya kazi. Jules Hardy wa Montreal akajifunza kwa Guiot, na miaka ya 1960 akaingiza hadubini ya upasuaji. Kwa hadubini Hardy aliweza kufanya jambo ambalo kabla yake halikuwezekana: kuutoa uvimbe wa milimita chache na kuiacha tezi nzima mahali pake. Tiba ya kisu kwa uvimbe mdogo wa homoni inaanzia hapo. Mwaka 1997 Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau wa Pittsburgh waliripoti wagonjwa 50 waliopasuliwa kwa endoskopu, kijiti chembamba chenye taa na kamera, na leo ndiyo njia iliyoenea zaidi, ingawa hadubini haijastaafu na mikononi mwa aliyeizoea haina kasoro ya kuionea haya.

Siku yenyewe, mgonjwa hupewa nusu kaputi. Mpasuaji wa ubongo na daktari wa pua hufanya kazi pamoja kupitia matundu mawili ya pua, hufungua uwazi ulio ndani ya mfupa wa sfenoidi, wakatoboa ukuta mwembamba wa kishimo na kuufungua utando. Uvimbe huu kwa kawaida ni laini na hutolewa kwa vijiko vidogo na kufyonzwa. Kama maji ya ubongo yamevuja, tundu huzibwa kwa mafuta yaliyochukuliwa tumboni au paja, au kwa kipande cha utando wa pua chenye mshipa wake wa damu, mbinu iliyochapishwa mwaka 2006 na iliyopunguza sana uvujaji. Kwa kawaida kazi yote huchukua saa chache, na hakuna nywele inayonyolewa.

Kinachozuia kupona mara nyingi kiko pembeni. Uvimbe ukishajipenyeza kulia au kushoto na kuikumbatia ateri ya karotidi, hakuna mpasuaji mwenye busara atakayeufuata kote huko. Engelbert Knosp na wenzake wa Vienna walitunga mwaka 1993 kipimo cha daraja 0 hadi 4 kinachoonyesha kwenye MRI umepenya kiasi gani. Mwenye daraja 4, uvimbe ukiwa umeizingira ateri, hana budi kuambiwa mapema kwamba kisu peke yake hakitamponya.

Siku kumi zinazofuata

Hatari ya kufa au kuumizwa kwa ateri ni chini ya asilimia 1 kwenye vituo vyenye uzoefu. Yanayosumbua zaidi ni mambo ya maji.

Katika siku mbili za mwanzo sehemu ya nyuma ya tezi inaweza kushtuka na kuacha kutoa vasopresini. Mgonjwa anakojoa lita nyingi, mkojo mweupe kama maji, kiu haikatiki. Mara nyingi hupita yenyewe, au hudhibitiwa kwa desmopresini, dawa inayoshika nafasi ya vasopresini. Ajabu ni kwamba kati ya siku ya 4 na ya 10 kinyume chake hutokea: vasopresini iliyokuwa imehifadhiwa inamwagika, mwili unakumbatia maji, sodiamu inashuka kwenye damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na ikishuka sana, degedege. Wakati huo mgonjwa ameshatoka hospitali. Waliosafiri kutoka Tanzania, Kenya au Kongo kwenda kupasuliwa India hawana budi kulifikiria hili kabla ya kukata tiketi ya kurudi. Kipimo cha sodiamu siku ya saba ni cha bei ndogo na hufanyika karibu kila hospitali ya mkoa, ila lazima mtu aseme kifanyike. Ndugu wanaomshinikiza mgonjwa "anywe maji mengi apone haraka" wanaweza kumdhuru bila kujua. Anywe kwa kiu yake tu, na akiambiwa na daktari apunguze, apunguze.

Kwa wiki kadhaa asipenge kamasi, asiiname na kubeba mizigo, asijikamue chooni, akipiga chafya aache mdomo wazi. Maji meupe yanayodondoka puani anapoinama, hasa kama yana chumvi kooni, ni ya kumrudisha hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa njia hiyo ndiyo vimelea vya homa ya uti wa mgongo hupitia.

Kwa aliyepasuliwa ugonjwa wa Cushing kuna jambo jingine. Kwa miaka uvimbe umekuwa ukitoa ACTH, na chembe nzuri za tezi zimelala kwa kukosa kazi. Uvimbe ukitoka wote, ghafla hakuna ACTH kabisa. Kotisoli ya asubuhi inaanguka chini ya nanomoli 138 kwa lita, mara nyingi chini zaidi, na timu inafurahi. Mgonjwa hafurahi: viungo vinauma, mwili hauna nguvu, ngozi inabanduka, hamu ya kula imekwenda, machozi yako karibu. Mwili uliokwisha kuzoea gharika umenyimwa hata tone. Kitabibu hiyo ni dalili njema, na asipoelezwa hivyo ataamini upasuaji umemwangamiza.

Hupewa haidrokotisoni, au prednisoloni pale haidrokotisoni isipopatikana, na kuipunguza taratibu kwa muda wa miezi 6 hadi mwaka au zaidi mpaka tezi iamke. Akiumwa malaria, akiharisha au akipata ajali, dozi huongezwa mara mbili au tatu. Akitapika kidonge, anahitaji sindano. Kuacha ghafla kunaweza kumuua. Atembee na kikaratasi kinachosema anategemea steroidi, kwa sababu daktari wa zamu usiku hawezi kulibuni hilo kwa kumtazama.

Kisu kikishindwa

Upasuaji wa pili unawezekana, ila nafasi ya kupona hupungua na hatari ya kuiharibu tezi huongezeka. Kwa akromegali kuna sindano zilizotajwa na pegvisomanti, inayozuia homoni isifanye kazi kwenye ini. Kwa Cushing kuna dawa za kuzibana adrenali, ketokonazoli ikiwa ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi, kwa kuliangalia ini. Mionzi inayolengwa kwa usahihi mkubwa huzuia uvimbe usikue kwa wengi, lakini homoni hushuka polepole kwa miaka, na kadiri muda unavyopita tezi nzima inaweza kulala. Mwisho kabisa kwa Cushing ni kuziondoa adrenali zote mbili. Kotisoli inaisha siku hiyohiyo, mgonjwa anabaki mtegemezi wa vidonge maisha yote, na uvimbe wa pituitari uliobaki bila kizuizi unaweza kukua kwa nguvu na kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi.

Upasuaji wa kupitia puani unafanyika Nairobi, na Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Kwa aliye na uvimbe wa homoni, swali la maana kuliko jengo au nchi ni mpasuaji huyu na timu yake wanafanya upasuaji wa pituitari mara ngapi kwa mwaka, na kama kuna daktari wa homoni atakayemshika mgonjwa baada ya majeraha kupona. Mpasuaji hodari asiye na daktari wa homoni jirani amemaliza nusu ya kazi. IGF-1 hupimwa kila mwaka. Cushing huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na mara nyingi kotisoli ya mate ya usiku wa manane ndiyo inayoanza kupanda, mgonjwa mwenyewe akiwa bado hajaona badiliko lolote mwilini.